Bunduki kwa raia: marufuku, haki au kibali? Kipi kinatufaa Unguja na Pemba

Mkulima wa Micheweni, Pemba, anayelindia muhogo wake nguruwe na mfanyabiashara wa Mlandege, mjini Unguja, anayelindia mauzo yake wezi, wote wawili husema wanataka bunduki. Ukiwasikiliza vizuri utaona hawaombi kitu kimoja. Wa kwanza anataka chombo cha kazi, siku chache kwa mwezi, kondeni, mbele ya watu. Wa pili anataka kitu cha kulala nacho chini ya mto, na kila usiku anamuomba Mungu asifike mahali pa kukitumia. Sheria ikiwapimia wote kwa pishi moja, mmoja wao atadhulumika, au jirani yake.

Duniani mistari mikubwa ni mitatu. Kuna wanaokataza, kuna wanaosema ni haki ya mtu, na kuna wengi wanaosema: tueleze kwanza unaitaka ya nini. Nitaiweka mitatu hiyo ubavu kwa ubavu na kuipitisha kwenye mambo tunayoishi nayo visiwani, yaani konde, duka, nyumba ya mke na mume, na msimu wa uchaguzi. Nasema mapema ninakoelekea, asije mtu akadai nimemvizia. Naona kibali cha kazi kinatosha, bastola ya kujilinda iwe kwa watu wachache mno, na bunduki yenyewe isilale nyumbani.

Si ngeni hapa

Karne ya 19 bandari ya Unguja ilikuwa mlango wa silaha kwenda bara. Magobore ya Ulaya na Marekani yalishushwa hapa, misafara ikayabeba hadi Tabora na Ujiji, na pembe za ndovu zikarudi. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia uingizaji wa bunduki, hasa za kisasa, katika eneo la Afrika kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Visiwa vyetu vimo katikati kabisa ya eneo hilo. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na kweli bunduki ziliilisha biashara ile. Lakini wakati huohuo walioweka saini walikuwa wakigawana bara, na hawakupenda kumkuta mwenyeji ana bunduki nzuri kama yao. Anayechora mstari wa silaha mara nyingi hujiacha yeye nje ya mstari, na hilo halikwisha na ukoloni.

Kisha 1964. Usiku wa kuamkia Januari 12, watu ambao wengi wao walikuwa na mapanga na mikuki walivamia Ziwani na Mtoni, wakaingia kwenye maghala ya polisi, na asubuhi bunduki zikawa mikononi mwao. Kila nyumba ina simulizi yake juu ya siku ile na mimi siingii huko. Ninachokichukua ni kimoja: bunduki nyingi zikiwekwa chumba kimoja, zinamsubiri yeyote atakayeuvunja mlango. Nitalirudia, kwa sababu pendekezo langu mwenyewe linagongana nalo.

Mstari wa kwanza: marufuku

Wanaotaka marufuku hutaja Uingereza na Japani. Tuziangalie kwa karibu, maana zote mbili hazikukataza kama inavyosimuliwa.

Uingereza, Machi 1996, mtu mmoja aliingia skuli ya Dunblane, Scotland, na bastola alizozimiliki kwa leseni halali, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata bastola zikaondolewa mikononi mwa raia. Lakini mkulima wa Kiingereza mwenye cheti bado ana bunduki yake ya marisau. Japani, chini ya sheria ya 1958 ya bunduki na panga, raia hapati bastola. Anayetaka bunduki ya marisau kwa usasi huhudhuria darasa, hufanya mtihani, hupigishwa shabaha, hupimwa na daktari, na polisi huwauliza jamaa na majirani habari zake. Akipita, ataishi na hiyo ya marisau miaka 10 kabla hajaruhusiwa kuomba raifo. Kwa hiyo hata hawa wanaoitwa wa marufuku wamemwachia mtu wa konde na porini kimlango, tena chembamba.

Uzuri wa marufuku ni wepesi wake. Askari wa doria akiona bunduki kwa mtu asiye na sare hana haja ya kusoma karatasi wala kupiga simu kuuliza. Na sisi ni visiwa. Milango rasmi inahesabika, Malindi, Mkoani, Wete na viwanja vya ndege. Mtu angedhani ni kazi rahisi. Lakini kila Mpemba anajua bandari bubu ni ngapi, na anajua karafuu zilivyokuwa zikitoka usiku kwenda pwani ya Kenya kila bei ya kule ilipopanda. Mashua inayotoa gunia inaweza kuingiza kitu kingine. Tena waovu hawahitaji hata mashua: Julai 2022 Shinzo Abe, aliyekuwa waziri mkuu wa Japani, aliuawa kwa bunduki ambayo muuaji aliiunda mwenyewe. Hapa kwetu, Februari 2013, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi asubuhi akienda kusalisha misa. Mtu wa namna ile haanzi kwa kupanga foleni ya kibali, na hakuna mstari kati ya hii mitatu utakaomgusa. Anataka upelelezi.

Tatizo hasa la marufuku ni konde. Nguruwe akiingia kwenye muhogo usiku halishi kama mbuzi aliyekatika kamba, anachimbua. Asubuhi unakuta matuta yamefumuliwa, mizizi imetafunwa nusu nusu, na iliyobaki imechafuka udongo na mate hata kuchemsha hutaki. Tumbili naye huja mchana, huvunja hindi moja, huonja, hulitupa, huchukua jingine. Serikali ikimwambia mkulima asiwe na bunduki, imechukua jukumu la kumtumia wasasi wenye bunduki, na wafike wiki hiyo, si baada ya barua tatu kupanda wilayani na kushuka. Ikiwa haina wasasi wa kutosha, basi marufuku yake inalipwa na mtu maskini kuliko wote katika mjadala huu.

Mstari wa pili: haki

Mfano wa wazi ni Marekani. Haki ya kubeba silaha iliingia kwenye katiba yao mwaka 1791. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ni haki ya mtu binafsi, na kwamba inahusu hata bastola ya kujilindia nyumbani. Mwaka 2022, kesi ya Bruen ikaitoa haki hiyo nje ya nyumba hadi barabarani. Jimbo la New York lilikuwa likimtaka mwombaji aonyeshe sababu maalumu ya kutembea na bastola, na sharti hilo likafutwa. Kwa hiyo pale mzigo umegeuzwa. Raia haelezi kwa nini anataka. Serikali ndiyo inayoeleza kwa nini inamnyima.

Hoja yao isidharauliwe, na mtu wa mwisho wa kuidharau awe Mpemba. Januari 26 na 27 mwaka 2001 waandamanaji walipigwa risasi na vyombo vya dola. Watu zaidi ya 30 walikufa, wengi wao Pemba, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari wakawa wakimbizi Shimoni, Kenya. Misimu ya uchaguzi iliyofuata tumesikia habari za mazombi, wanaume waliofunika nyuso wanaopita mitaani usiku. Mtu aliyeyaona hayo akikuambia kwamba bunduki zote ziko upande mmoja, na upande huo si wake, hasemi upuuzi.

Namjibu kwa heshima hivi. Mwaka 1995 matokeo ya urais wa Zanzibar yalitangazwa 50.2 kwa 49.8. Mwaka 2010 yalikuwa 50.1 kwa 49.1. Huu ni mgawanyiko unaopita ndani ya mtaa, ndani ya msikiti, wakati mwingine ndani ya nyumba moja. Tukifanya bunduki kuwa haki ya kila mtu katika nchi iliyogawika hivi, zitanunuliwa kwa wingi mwaka wa uchaguzi, na kila upande utazihesabu za mwenzake. Bunduki za wananchi hazingezuia yale ya 2001. Zingewapa waliofyatua sababu ya kufyatua zaidi, na maiti wangekuwa wa pande zote. Dawa ya bunduki ya dola ni kuifunga dola: aliyetoa amri ajulikane, ripoti za tume zichapishwe, mahakama zisikilize. Ni kazi ndefu na haina mkato.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa haki hulipitia kwa haraka. Mwaka 2021 Marekani ilizika watu 48,830 waliokufa kwa bunduki. Zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Mwizi anayehofiwa usiku hakuja. Aliyekuja ni mwenye nyumba, saa mbaya ya maisha yake, akaikuta silaha karibu na mkono. Saa kama hizo nasi tunazo, ingawa hatupendi kuzitaja. Kijana aliyepoteza kazi, baba aliyeaibishwa na deni. Mara nyingi mtu hupita saa ile akaona asubuhi, kama hakuna karibu naye kitu kinachomaliza yote kwa kidole kimoja.

Wako pia wasio na katiba ya haki ila wana desturi. Wenye jamaa Hadhramaut, Yemen, wanajua. Makadirio ya mwaka 2017 ya Small Arms Survey, taasisi ya utafiti wa silaha, yaliipa Yemen bunduki karibu 53 kwa kila watu 100, ya pili duniani baada ya Marekani yenye zaidi ya 120. Sijasikia jamaa wa kule akisema zimempa usingizi.

Mstari wa tatu: kibali chenye sababu

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo nchi nyingi zilipo, yetu ikiwemo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi iliyopitishwa na Bunge la Jamhuri ya Muungano mwaka 2015 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25 na awe na cheti cha kuonyesha anaimudu silaha. Juu yake kuna Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania imo, inayotaka raia wasimiliki kabisa raifo za kujiendesha zenyewe, nzima au nusu, yaani zinazojipakia risasi inayofuata bila mkono wa mtu. Huo wa aina ya silaha sioni kwa nini tuubishanie. Hakuna nguruwe anayehitaji bunduki ya vita.

Kinachobishaniwa ni sababu. Australia walilipanga vizuri baada ya Port Arthur, Aprili 1996, walipouawa watu 35. Majimbo yote yalikubaliana kwamba mwombaji aonyeshe sababu ya kweli: ukulima, usasi, michezo ya shabaha. Wakaandika pia wazi kwamba kujilinda si sababu. Asubiri siku 28 kabla ya kukabidhiwa. Serikali ikanunua bunduki kama 650,000 na kuziharibu, fedha zikatoka kwenye tozo ya mara moja iliyoongezwa kwenye mchango wa matibabu. Sentensi ile fupi, kwamba kujilinda si sababu, ndiyo inayomtenganisha mkulima wangu wa Micheweni na mfanyabiashara wa Mlandege. Mmoja anaingia, mwingine anabaki nje, na hakuna aliyetukanwa.

Lakini kibali kina ugonjwa wake, nao uko kwenye saini. Machi 15, 2019, Ijumaa, mtu mmoja aliingia misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, akaua waumini 51. Silaha zake zilikuwa na leseni nyuma yake. Tume iliyochunguza iligundua kwamba wadhamini wake wawili walikuwa rafiki aliyemjua zaidi kwa michezo ya mtandaoni, na mzazi wa rafiki huyo. Fomu ilijazwa, mahojiano yalifanyika, kila kisanduku kilipigwa alama, na aliyeulizwa hakuwa mtu aliyemjua mwombaji vizuri. Kama mwezi mmoja baadaye bunge lao lilipiga marufuku sehemu kubwa ya bunduki za nusu kujiendesha, kura 119 kwa moja. Ugonjwa wa saini hauponi kwa kura tu.

Sasa ulete kwetu. Barua ya kwanza ya jambo lolote huanzia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji. Sheha, tofauti na wadhamini wale wa Christchurch, anamjua mwombaji: anajua alimuoa nani, anadaiwa na nani, mwanawe wa kwanza yuko wapi. Huo ni utajiri ambao polisi wa New Zealand wangeulipia. Tatizo ni kwamba sheha ni mtu wa kuteuliwa, na kwa miaka mingi ugomvi wa vitambulisho vya Mzanzibari na daftari la wapiga kura umepita mlangoni pake. Kibali cha bunduki kikipita mkononi mwake peke yake, nusu ya shehia itaamini kimetolewa kwa kadi ya chama, hata kama hakikutolewa hivyo. Silaha ambayo jirani anaamini umepewa kichama ni mbaya karibu sawa na iliyotolewa kichama kweli.

Ndiyo maana napenda wanavyofanya Kanada. Fomu yao inataka saini ya mwenza unayeishi naye, na hata uliyeachana naye ndani ya miaka miwili. Asiposaini, wenye mamlaka wanamjulisha kabla ya kukupa leseni. Fikiria hilo katika nyumba za kwetu. Mume akimpiga mkewe hapa, mara nyingi hakuendi mtu polisi. Wazee wanaitwa, mume anakemewa, anaapa, mke anarudishwa, na mambo yanabaki ndani kwa ajili ya sitara. Mwaka mmoja baadaye mume huyo akiomba bunduki, rekodi yake polisi ni nyeupe. Si kwamba ni mtu mwema, ni kwamba suluhu haiandikwi. Anayejua ni mke, na mtalaka, na pengine mama mkwe. Sheria isiyowauliza hao imeuliza watu wasiojua kitu. Tena waulizwe faragha, mtu wa kuwauliza awe mwanamke, na jibu lao lisiandikwe kwenye barua ya kukataa. Hata Marekani, pamoja na haki yao yote, mwaka 2024 mahakama ileile iliamua katika kesi ya Rahimi kwamba aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumtishia mwenza wake anaweza kunyang'anywa silaha.

Kibali kina uzuri mwingine ambao marufuku na haki hazina: kinaweza kuifungia bunduki kazi moja na kuiachia nyingine. Pemba tunao mfano tayari, nao ni popo. Popo wa Pemba hapatikani popote pengine duniani. Mchana hulala wakining'inia mamia kwa mamia kwenye miti mikubwa, kila mmoja amejifunga mbawa zake kama mwavuli. Watu wamewala tangu zamani. Waliwanasa kwa ulimbo na mitego, na aliyekamatwa alikamatwa, waliobaki waliruka. Bunduki ya marisau ilibadilisha hesabu. Mlio mmoja chini ya mti unaangusha kadhaa, unajeruhi wengine wanaokwenda kufia mbali, na kundi zima linahama. Ukijumlisha na miti iliyokatwa, mwishoni mwa miaka ya 1980 ilihofiwa wamebaki wachache mno. Leo wako maelfu, na ukienda Kidike utawaona, kwa sababu vijiji viliamua kuwalinda. Mkulima yuleyule mwenye kibali halali cha kumpiga nguruwe hana kibali cha kusimama chini ya mti wa popo. Usasi uko chini ya sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996, na bunduki iko kwa polisi, ambao ni wa Muungano. Karatasi mbili, serikali mbili. Inachosha, lakini kwa jambo hili naona bora ichoshe.

Bastola ya duka

Narudi kwa mfanyabiashara wa Mlandege, kwa sababu kumwambia kujilinda si sababu halafu ukaondoka si uungwana. Ana fedha taslimu, anafunga saa mbili usiku, na njia ya nyumbani ina kiza.

Linganisha alichonacho. Bastola inamtaka awe mwepesi kuliko mtu aliyekwisha kujipanga, na mara nyingi mwizi ndiye anayechagua wakati. Akizidiwa, bastola inahama mkono na sasa mtaa una mwizi mwenye silaha yenye namba ya usajili ya mtu mwingine. Mlinzi wa kampuni yenye leseni ni ghali, ila silaha yake inarudi ofisini asubuhi na kuna wa kuulizwa. Malipo ya simu yamepunguza fedha za kubeba. Maduka mengi sasa droo yao jioni haina kitu cha kumtoa mtu nyumbani. Na maduka matano yanaweza kufunga saa moja na kutoka pamoja. Hakuna moja kati ya haya linalompa raha anayoipata mtu akihisi chuma kiunoni. Raha hiyo ndiyo ninayomnyima, na nakiri ni kumnyima.

Kuna wachache ambao tishio lao lina jina: hakimu, mwendesha mashtaka, shahidi wa kesi ya dawa za kulevya. Kwao mfano mzuri ni Ireland ya Kaskazini. Imo ndani ya Uingereza, lakini marufuku ya bastola ya 1997 haikufika huko. Kwa sababu ya historia yao, polisi wanaweza kumpa bastola ya ulinzi mtu aliyethibitika anawindwa. Wanaodhani nchi za muungano lazima ziwe na mstari mmoja wa bunduki kila pembe wautazame mfano huo. Kwetu ningeuchukua kwa masharti: tishio lithibitishwe na mtu asiye mkuu wa mwombaji, muda uwe wa miezi, na tishio likiisha silaha irudi.

Isilale nyumbani

Hapa ndipo ninapotofautiana na sheria nyingi za kibali, ambazo zikishakupa leseni zinakutaka tu uwe na kabati la chuma. Kabati la chuma katika nyumba ya vyumba vitatu yenye watu tisa? Ufunguo utajulikana na kila mtoto kabla ya mwezi kuisha.

Naona hivi. Bunduki ya konde iwe na mwenyewe, lakini ilale kituo cha polisi cha karibu. Siku ya msako wasasi wanakusanyika na mbwa na mikuki yao kama kawaida. Mwenye kibali anapita kituoni alfajiri, anasaini, anapewa bunduki na risasi za kuhesabu. Jioni anarudisha bunduki, na maganda. Alichukua sita, amerudisha maganda manne na risasi mbili, hesabu imetimia. Likikosekana ganda moja, haendi kulala kwake mpaka lijulikane liko wapi. Japani nako msasi anatakiwa ajue kila risasi aliyonunua imekwenda wapi, na Uswisi, nchi ya watu wenye raifo za jeshi majumbani, tangu 2007 risasi zake zimerudishwa maghalani.

Na Ziwani je? Kweli, ghala ni kishawishi. Ndiyo maana risasi zikae kituo kingine, bunduki za kituo kimoja ziwe chache, na kila moja itolewe kipande kinachoifanya ilie, kikae kwa mwenyewe. Atakayevunja mlango atapata mabomba. Mwenye kipande nyumbani naye hana bunduki. Kero ipo: kituo kiko mbali, askari mwenye ufunguo hayupo, nguruwe haji kwa ratiba. Wakulima wa kule Konde, kaskazini ya Pemba, watanung'unika kuliko wa Vitongoji walio karibu na Chake. Kwa hiyo sharti hili liende pamoja na kituo kufunguliwa alfajiri msimu wa muhogo, la sivyo ni marufuku iliyovaa kanzu ya kibali.

Unachagua kwa hofu ipi

Kama hofu yako kubwa ni dola, mstari wa haki utakuvutia. Ujiulize tu jirani yako wa chama kingine naye atanunua ngapi. Kama hofu yako ni mitaa kugeuka kama tunayoiona kwenye taarifa za habari, marufuku itakuvutia; uwe tayari kumlipia mkulima msasi wa serikali. Kama unachohofia ni kilicho ndani ya nyumba, yaani hasira, deni, mtoto mdadisi, basi mahali inapolala silaha ni muhimu kuliko nani ana leseni, na hilo wachora sheria wengi hulifikiria mwisho.

Limebaki gobore la marehemu. Nyumba kadhaa za shamba bado zina bunduki ya babu, iko darini au uvunguni, haina karatasi, na pengine hailii tena. Mzee akifariki inakuwa sehemu ya mirathi, na warithi wanaogopa kuipeleka kituoni wasije wakaulizwa ilikuwa wapi miaka yote. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na hiyo ni hatua nzuri, lakini msamaha una tarehe ya kufungwa na vifo havina. Kwa mirathi mlango uwe wazi mwaka mzima: siku 40 baada ya mazishi, mrithi yeyote apeleke bila kuulizwa asili yake. Anayetaka kuitunza kama kumbukumbu, izibwe mtutu mbele yake, aondoke nayo na karatasi. Asiyeitaka alipwe bei ya haki, kama walivyolipwa Waaustralia, ili warithi wagawane kwa mafungu yao. Bei ikiwa sifuri, gobore litarudi uvunguni.